Mizizi ya Mfenesi

Hapa Kampala watu wengi hawajaunganishwa na mtandao wa majitaka wa jiji. Mwenye nyumba huchimba shimo au hujenga tangi chini ya ardhi, na tangi likijaa huita gari la kunyonya, ambalo hupeleka uchafu kwenye mtambo kama ule wa bonde la Lubigi uliofunguliwa mwaka 2014. Nyumba ya shangazi yangu, ambaye sisi Waganda tunamwita ssenga, ni ya tangi. Ina familia nne za wapangaji, na wote wanategemea bomba moja la inchi 4 linalopita nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi mkubwa.

Aprili mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea, bomba hilo liliziba. Kila mtu alipovuta maji chooni, bafu lilitoa mlio wa gulugulu, kisha uchafu ukapanda kupitia tundu la sakafu katika chumba cha chini kabisa. Hapo alikuwa akikaa msichana mmoja anayeuza nguo za mitumba. Kwa kuwa uchafu ulitokea kwake, wenzake wakaamua kosa ni lake: anatupa pedi chooni. Ssenga akampa wiki mbili ahame.

Fundi aliyeitwa alikuwa mzee kutoka Bukavu. Kiganda chake kilikuwa kidogo, Kiingereza hana kabisa, kwa hiyo nikaitwa mimi, "mtoto wa Kiswahili," nitafsiri. Kiswahili chake hakikuwa kile cha vitabu vyetu. Bomba aliliita tiyo, watu ni batu, mti ni muti. Mhadhiri wetu wa sarufi angekuwa na kazi siku ile. Lakini mzee alieleza mambo kwa mpangilio ambao nimeukosa katika vitabu vingi.

Kwanza aliuliza: linalochelewa ni sinki moja au nyumba nzima? Likiwa sinki moja, ugonjwa uko hapo hapo, yaani mafuta ya kupikia yaliyoganda au masalia ya posho. Unaweka ndoo chini, unafungua lile bomba lililopinda, unasafisha. Ikiwa ni nyumba nzima, ugonjwa uko kwenye bomba kuu, na uchafu utatokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote, hata kama aliyeziba anakaa juu. Sentensi hiyo niliitafsiri mara mbili, polepole na kwa sauti, kwa sababu wapangaji wote walikuwa wamesimama pale.

Kisha akafunua chemba moja baada ya nyingine. Ya kwanza imejaa mpaka mdomoni, ya pili imejaa, ya tatu kavu. Basi kizuizi kilikuwa kati ya ya pili na ya tatu, chini ya mfenesi. Jirani akaleta asidi ya betri imiminwe humo. Mzee aling'aka. Asidi ikishindwa kuzibua, alisema, inabaki ndani ya maji ikimsubiri fundi. Akamfukuza pia kijana aliyetaka kuingiza kichwa tangini, maana hewa ya mle huua mtu kabla hajapiga kelele.

Aliingiza fito za plastiki zinazofungana kwa skrubu, akizizungusha kuelekea kulia tu. Ukizungusha kinyume zinafunguka na kubaki ndani. Kilichotoka ni fungu la mizizi, refu kama mkia wa ng'ombe, limenasa karatasi, mfuko wa plastiki na, ndiyo, pedi mbili. Nyumba ile ina wanawake saba.

"Haiko batu," akasema mzee. "Ni muti."

Bomba lilikuwa la saruji, la zamani, limepasuka kwenye kiungio. Mizizi hufuata maji, na ikishaingia huwa kama chujio: karatasi ambayo ingepita, inanasa. Kuzibua peke yake kusingetosha kwa sababu mizizi huota tena. Walichimba, wakaweka bomba la plastiki kwa mteremko wa sentimeta 2 kwa kila mita, wakaondoa na mfereji wa paa uliokuwa umeelekezwa kwenye chemba. Nani aliyeuelekeza huko, hakuna aliyekubali. Ssenga alinunua mabomba, wapangaji wakachangia ufundi. Mfenesi wenyewe aligoma kata kata usikatwe, eti unazaa kuliko yote mtaani. Mzee alitikisa kichwa tu, akasema ataitwa tena. Nadhani ana haki.

Msichana hakufukuzwa. Ssenga hakumwomba radhi, ila alimpelekea nusu ya fenesi, naye akalipokea. Mwezi Juni alihama mwenyewe bila kugombana na mtu. Siku hizi kila choo pale kina pipa lenye kifuniko, na wanaume nao wanapangiwa zamu ya kulimwaga.