Herufi Walizoandika Wazee Wetu

Ndugu Waislamu, dola hupita, lakini lugha hubaki na alama zake. Wareno waliondoka zamani, na hadi leo twasema meza na bendera, maneno waliyotuachia. Bara husema shule, kutokana na Mjerumani; sisi Zanzibar twasema skuli, kutokana na Mwingereza. Maneno hayo hayajatudhuru, kwani Kiswahili kimeyapokea yakawa yake.

Lililotugharimu ni herufi. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kiarabu ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kwa karne nyingi Waswahili waliandika tenzi, barua na hati zao kwa herufi hizo. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kirumi. Baada ya himaya ya Uingereza kuanza mwaka 1890, skuli na ofisi zilihamia herufi hizo hatua kwa hatua.

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti hapa Mkokotoni, naziona athari zake. Huletwa hati ya wakfu wa minazi, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Warithi wanagombania mpaka, na hapana kijana awezaye kuisoma, ingawa wote wamehitimu Msahafu. Hutubidi kumwendea mzee mmoja ambaye macho yake yamedhoofu. Akitangulia mbele ya haki, hati itabaki bila msomaji.

Wala tusidhani nyaraka hizo zina mema matupu. Usultani nao ulikuwa dola. Karatasi za zama zile zimesajili wakfu, na zimesajili pia mauzo ya watu. Yote mawili yatupasa kuyasoma wenyewe.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqarah, aya ya 282, kuyaandika madeni yetu ili haki isipotee. Maandishi yasiyosomeka hayamlindi yatima wala wakfu. Mtoto wa chuoni tayari anazijua herufi. Imebaki kumwonesha wazee walivyoandika p, ch na g, na kumzoesha kusoma pasipo irabu. Saa moja kwa wiki yatosha kuanzia. Pendekezo hilo nimelifikisha mbele ya kamati yetu. Nanyi wazazi, fungueni masanduku ya wazee, mzitoe hati hizo kabla ya mchwa, na muwakalishe watoto karibu na wale ambao bado wanazisoma.