Kihamba Kilichosomesha Watoto

Barabara ya kutoka Moshi kwenda Marangu hupita kwanza Himo, kwenye tambarare ambako familia nyingi za mlimani zina mashamba ya mahindi. Masika yakikatika mapema, mahindi hunyauka kabla ya kubeba. Baada ya Himo gari huanza kupanda, hewa inapoa, na pande zote ni migomba.

Hapa ndipo penye kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba ya Mchaga. Juu kuna mringaringa wa kivuli, chini yake migomba, kisha mikahawa, na ardhini magimbi. Ng'ombe yuko zizini. Samadi yake huenda kwenye mgomba, naye hulishwa majani na magogo ya mgomba huohuo. Maji huletwa na mfongo, mfereji waliouchimba mababu.

Wamisionari wa Kilema walileta kahawa mwaka 1898. Tangu hapo ndizi zimelisha nyumba na kahawa imelipa ada. Walimu na madaktari wengi wa leo walisomeshwa na buni.

Sasa buni imepungua, na sababu mojawapo ni usiku. Arabika hupenda usiku wa baridi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa joto la usiku likipanda kwa nyuzi 1, hekta moja ya kahawa ya Tanzania hupoteza karibu kilo 137. Wadudu wanaotoboa buni nao huzaliana haraka zaidi kwenye joto.

Wengi huhofia barafu ya kileleni. Ni kweli, kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka. Lakini maji ya mifongo hutokana zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Msitu ukiungua, mfongo hukauka hata kama kilele bado ni cheupe.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyopo Lyamungo, imetoa miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Hata hiyo huhitaji kivuli, na kivuli ndicho kinachokatwa kila kihamba kinapogawanywa vipande vya kujengea.

Wazazi, Desemba mkipanda mlimani, msiishie kwenye ndafu na mtori. Wapelekeni watoto wakaone mfongo unakoanzia. Na kabla ya kupima mipaka ya urithi, pandeni kwanza mringaringa. Vinginevyo mtawarithisha kiwanja, si kihamba.