Mchezo wa Tufe katika Ubaruku

Mtu atokaye Makambako kwenda Mbeya huteremka kutoka nchi ya baridi hata afike Igawa. Ndipo aionapo nchi ya Usangu imetandazwa mkono wa kulia kama mkeka, na milima imebaki kushoto. Ukiishika njia ya Rujewa na kuendelea mbele, utafika Ubaruku, mji wa mpunga. Hapo mkulima, mwalimu, hata fundi wa baiskeli, wote huzungumza habari za majaruba, mifereji na bei ya gunia.

Mavuno yakiisha watu hupata nafasi jioni. Vijana hukimbilia mpira wa miguu, nao wazee hukaa kando wakitazama. Kwa ajili ya hao watazamao nataka kueleza mchezo ambao babu na mjukuu waweza kuucheza pamoja, wala nguvu za mmoja zisimshinde mwingine.

Waingereza huuchezea juu ya majani yaliyokatwa mafupi sana. Umo katika michezo ya Jumuiya ya Madola tangu ile ya kwanza ya Hamilton, Kanada, mwaka 1930, isipokuwa mwaka 1966 tu. Na Wakenya nao wamekwenda kuushindania.

Je, nasi tupande majani? Hasha. Majani ya namna hiyo hutaka maji kiangazi chote, na maji ya Usangu yana wenyewe wengi. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekauka mara kwa mara wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, viboko wakasongamana madimbwini. Tena ndio mto uendao Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Wakulima, wafugaji na watunza hifadhi wamebishana sana juu yake. Kuyamwagilia majani ya kuchezea mahali kama hapo ni jambo la kuona haya. Wafaransa wana mchezo wa jamii hii tangu mwanzo wa karne ya 20, nao huuchezea juu ya ardhi tupu.

Basi chagueni ua uliokanyagwa ukawa mgumu, mkaufagie. Msiende majarubani, kwa maana udongo mweusi ukikauka hupasuka nyufa, na tufe litatumbukia. Urefu wa hatua 25 watosha. Kwa matufe, tafuteni matonga makavu yenye ganda gumu, makubwa kama chungwa. Nusu yapakeni chokaa, ili pande mbili zijulikane. Tonga halikuviringana sawasawa, kwa hiyo likipungua mwendo hukengeuka upande mmoja. Msilitupe kwa sababu hiyo! Matufe ya Waingereza huchongwa kwa makusudi yakengeuke vivyo hivyo, na utamu wa mchezo umo humo: mtu halengi shabaha yenyewe, bali hulenga kando yake, akiliacha tufe lirudi lenyewe.

Mmoja aanze kwa kuvingirisha tufe dogo. Hilo ndilo shabaha. Kisha pande mbili zivingirishe kwa zamu, kila mtu matufe mawili, kutoka mahali pale pale palipotiwa alama. Si vibaya kuligonga tufe la mwenzako likaondoka, wala kuisukuma shabaha iende kwenye matufe yenu. Wazee hupendezwa sana na hila hiyo. Yakiisha yote, tazameni tufe la nani limekaribia shabaha kupita yote. Upande huo hupata alama moja kwa kila tufe lililo karibu kuliko lile bora la wenzao. Upande wa pili haupati kitu. Mkiona shaka, pimeni kwa kamba, kwa maana macho ya mtu huupendelea upande wake. Halafu chezeni mkielekea ulikotoka mchezo, hata upande mmoja ufikishe alama 21 au giza liingie.

Matonga yawekwe juu ya dari, watoto wasije wakayavunja.