Chumba cha Katikati

Nyumba nyingi za kale za Brussels, zile zilizojengwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 huko Ixelles, Saint-Gilles na Schaerbeek, ni nyembamba na ndefu. Upande wa barabarani una upana wa mita 6 hivi, na ndani vyumba vitatu vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Cha mbele kina madirisha ya barabarani, cha nyuma kinatazama bustani, na cha katikati hakina dirisha. Waliozijenga walikiachia chumba hicho kiazime mwanga kwa majirani zake kupitia milango ya vioo. Baadaye nyumba ziligawanywa zikawa fleti, milango ile ikazibwa, na chumba cha katikati kikawa cha kulala. Aghalabu anayelala humo ni mgeni wa mji: mwanafunzi, mfanyakazi wa zamu ya usiku, jamaa aliyefika juzi kutoka nyumbani.

Nami naishi katika nyumba ya namna hiyo. Ukizima taa ya chumba cha katikati na kuunyoosha mkono mbele ya uso wako, huuoni. Na usiku wenyewe ni mrefu. Mwezi wa Desemba jua la Brussels huchomoza kwenye saa 2:40 asubuhi na kutua kwenye saa 10:40 jioni. Kwa mtu aliyekulia Unguja, ambako magharibi haihami sana mwaka mzima, msimu huu unataka kuzoewa. Choo katika nyumba hizi mara nyingi kiko katikati ya ngazi, baina ya ghorofa na ghorofa, na taa ya ngazini hujizima yenyewe baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kutembea gizani hapa ni jambo la kila siku, na mimi nimelifikiria kwa miaka, kwanza kwa sababu ya kwetu, kisha kwa sababu ya kazi ninayoifanya.

Nianze na jicho, kwa kuwa wengi hawalipi nafasi. Taa ikizimwa, mboni hupanuka kwa sekunde chache tu, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Nyuma ya jicho kuna seli maalumu za kuonea katika mwanga hafifu, nazo zinahitaji kemikali inayotengenezwa kwa vitamini A, ambayo mwanga mkali huivunja. Kuirudisha yote huchukua dakika 20 hadi 30. Ndiyo maana chumba ambacho dakika ya kwanza kilikuwa cheusi tupu, baada ya robo saa huanza kuonyesha ukingo wa kitanda na mstari wa mlango, mradi pawe na mwanga kidogo unaopenya mahali. Kuna jambo jingine ambalo wanamaji na walinzi wa usiku hulijua: katikati kabisa ya sehemu ya kuonea, seli hizo hazipo. Ukikikodolea macho kitu gizani, kinapotea. Ukitazama pembeni yake kidogo, kinatokea.

Mtoto wa dada yangu alipokuja kusoma, alilala chumba kile. Usiku wa kwanza nilimsikia akijigonga huku na huku, simu ikimulika mkononi.

"Zima simu, mwanangu," nikamwambia. "Kaa kitandani kwanza."

"Mama mdogo, sioni kitu."

"Utaona. Ngoja."

Tulikaa kimya. Juu ya mlango kuna kile kifaa cha kutambua moshi, ambacho tangu mwaka 2005 sheria ya Brussels inataka kiwemo katika kila nyumba ya kupanga. Cha kwetu kina kitaa chekundu kinachomemeteka mara moja moja. Nikamwambia kile ndicho mlango wake. Aliporudi kulala alikuwa amekwishaacha simu. Mwanga wa simu humwonyesha mtu duara dogo alilolimulika, kisha humnyang'anya chumba kizima, maana jicho huanza kazi yake upya kila unapoizima. Vijana wetu wanaofika Ulaya nawaona wakiishi hivyo hivyo wiki za mwanzo, wakikimbilia kila jibu linalong'aa. Huwa nawaomba wakae kwanza. Si kwa kuogopa, bali kwa sababu kuna mambo ambayo mji hauwezi kukuonyesha mpaka umetulia ndani yake.

Lakini jicho ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Niliyojifunza Zanzibar ndiyo makubwa.

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja hakikuwa na umeme wa gridi. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hitilafu ilitokea Fumba, pale waya unapoingia nchi kavu. Mwaka 2008 tulikwishaonja mwezi mmoja wa giza. Mara hii ikawa miezi mitatu. Wenye jenereta waliwasha jenereta. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani, na kila nyumba ikajaa ndoo na madumu. Usiku wa mtaani kwetu Ng'ambo ulikuwa mzito kiasi kwamba ulisikia hatua za mtu kabla ya kumwona.

Wakati ule nilikaa na bibi yangu. Yeye hakuwa na hofu, kwani sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ya kandili na kibatari. Alichofanya ni kutupanga sisi. Kabla ya magharibi, ndoo zote zilihamishiwa ukuta wa kushoto wa ukumbi, na ole wake atakayeiacha moja njiani. Kibiriti kilikaa juu ya kizingiti cha dirisha, hakikukaa pengine popote. Ndara ziliwekwa chini ya kitanda, ncha zikitazama nje, mguu ukishuka uzikute. Mbuzi ya kukunia nazi, yenye ule ulimi wa chuma wenye meno, ilisimamishwa pembeni mwa jiko, meno yakielekea ukutani. Watoto walicheka. Bibi hakucheka. Alisema anayekuna nazi mchana na kuiacha mbuzi njiani amemkata mtu usiku, ila damu tu haijatoka.

Kulikuwa pia na desturi ya sauti. Katika nyumba ile hukuingia chumbani kwa mtu gizani bila kusema. Ulipiga hodi hata kama mlango ulikuwa wazi, na ulipopishana na mtu ukumbini ulisema "ni mimi" na jina lako. Kwa hiyo kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi, na mzee hakushtuka. Miezi ile mitatu sikumbuki mtu kuumia ndani ya nyumba yetu, na tulikuwa wengi.

Sasa nafanya kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku, katika nyumba ya wazee hapa Brussels. Kazi hii imejaa watu wa kwetu: Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, na sisi wa pwani wachache. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa yale ya bibi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wao ni wazee. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Kwa kijana ni kweli. Kwa mtu wa miaka 85 anayekwenda msalani saa 9 za usiku, kujikwaa ni kuanguka, na kuanguka ni kuvunjika nyonga, na baada ya hapo wengi hawarudi kutembea walivyokuwa. Mboni ya mzee haipanuki tena sawasawa, jicho lake huchelewa kulizoea giza, na damu yake huchelewa kupanda anaposimama ghafla. Kwa hiyo tunamfundisha akae ukingoni mwa kitanda kidogo, miguu sakafuni, kabla ya kuinuka. Tunamwekea taa ndogo hafifu karibu na sakafu. Tunaondoa zulia dogo, hata kama ni zuri, hata kama alilisuka marehemu mkewe.

Aliyenifundisha zaidi ni mzee mmoja, seremala mstaafu, aliyepofuka ukubwani. Alikuwa amejifunza kutembea upya kwa walimu wa Ligue Braille, chama cha wasioona kilichoanzishwa Brussels mwaka 1920, ambacho makao yake yako Saint-Gilles karibu na stesheni ya Gare du Midi. Usiku alipokosa usingizi alinieleza. Ukutani, alisema, usipitishe viganja. Pitisha mgongo wa vidole, vimekunjwa kidogo, usawa wa nyonga, ili vikigonga kitu visivunjike. Mkono wa pili uinue, uukunje mbele ya paji la uso, kiganja kikitazama nje. Ukitaka kuvuka chumba moja kwa moja, uweke kwanza mgongo wako kwenye mlango au ukuta ulionyooka, uhisi mabega yote mawili yamegusa, ndipo uondoke. Mtu anayeondoka akiwa amepinda kidogo atafika mbali sana na alikokusudia. Ukiinama kuokota kitu, shuka kwa magoti, mkono mbele ya uso, maana ukingo wa meza hauonekani.

Nikamuuliza kitu gani ni hatari kuliko vyote chumbani. Nilidhani atasema ngazi. Akasema mlango ulio nusu wazi. Mtu akinyoosha mikono yote miwili mbele, ukingo wa mlango hupita katikati ya mikono na kumpiga usoni. Mlango uwe wazi kabisa, umelala ukutani, au ufungwe kabisa. Tangu siku ile sijaacha mlango katikati, wala kazini wala kwangu.

Alikuwa na lalamiko moja tu, na ndilo lililonikaa moyoni. Ngazi haikuwahi kumwumiza, kwa kuwa ngazi haihami. Yaliyomwumiza yote yalitoka kwa wanaoona. Mtu wa usafi alisogeza kiti ili apige deki, akakiacha. Mgeni aliweka mfuko wake sakafuni. Kila mmoja aliona alichokifanya kuwa kidogo sana, na kwa macho yake kilikuwa kidogo kweli. Anayeona hana habari ya gharama ya kiti kilichosogea. Anayelipa ni mwingine, baadaye, usiku, na aliyekisogeza amekwishakwenda kwake. Tulikubaliana zamu zote: kiti kirudi kilipokuwa, na kikihama aambiwe. Jambo hilo halikuhitaji fedha wala mkutano mrefu.

Nimefikia kuamini kwamba anayetembea gizani hategemei ushujaa wake. Anatembea juu ya uaminifu wa waliopita mchana. Tunawasifu watu kwa kujiamini, lakini kijana anayevuka ukumbi wa bibi yangu bila kugusa kitu hana kipaji chochote. Kuna mtu aliyehamisha ndoo.

Na hili linanihusu hapa ugenini pia. Kule Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, pale Porte de Namur, mtu wetu aliyefika juzi huuliza mambo yake kwa waliomtangulia: daktari yupi anapokea wasio na bima bado, barua hii ya manispaa inataka nini, mwenye nyumba yule ni mtu wa aina gani. Yeye haoni, anaweka mguu pale unapomwambia. Ukimjibu kwa kubahatisha ili uonekane mjuzi, umemwachia kiti njiani. Nimeona familia ikipoteza miezi kwa neno moja la namna hiyo lililosemwa kwa wepesi kwenye kiti cha kinyozi. Afadhali kusema sijui, twende tukaulize pamoja. Na aliye mgeni, aukubali ukuta: anayekuongoza polepole hadi mlangoni anakufaa kuliko anayekuita katikati ya chumba.

Msomaji, una mzazi au bibi aliyebaki nyumbani, na mgao wa umeme unaweza kumkuta usiku wowote. Utakapompigia simu wiki hii, baada ya salamu na habari za fedha, muulize tochi yake inakaa wapi. Muulize usiku akishuka kitandani mguu wake unagusa nini kwanza, na kuna nini baina ya kitanda na choo. Kisha zungumza na mtoto au msaidizi anayekaa naye, kwa jina lake na kwa heshima, umwombe ndoo ihamie ukutani na mlango usiachwe nusu wazi, kila siku kabla ya magharibi.