Jembe Jipya, Mpini wa Zamani

Mkulima wa Mabamba hatupi mpini kwa sababu jembe limelika. Hununua jembe jingine sokoni, akalipachika kwenye mpini uleule uliokwisha kulainishwa na viganja vyake, na kesho yake akaonekana shambani kama kawaida. Nimeyaona hayo tangu utotoni. Hata hivyo, ilinibidi nizeeke ndipo kijana anifundishe maana yake, tena kwa kompyuta.

Kijana huyo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana kibanda cha gemu hapa Mabamba, ambamo vijana hulipa kidogo wakacheza mpira wa kwenye skrini. Bao likifungwa, kelele hupigwa kwa Kiha, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, maana mpaka wa Burundi uko karibu na lugha zetu ni ndugu. Kompyuta yake niliinunua mimi nilipostaafu ualimu: mtumba wa ofisini kutoka Kariakoo, wenye prosesa ya Intel Core i5-3470 iliyotoka mwaka 2012. Haikuwa na kadi ya picha. Ilitegemea uwezo mdogo wa picha uliomo ndani ya prosesa yenyewe.

Jioni moja alikuja nyumbani, akaniamkia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Baba mdogo, mashine imezeeka. Vijana wakubwa wanataka Grand Theft Auto V, nayo inakwama kila hatua. Fundi ameniambia nitupe yote, ninunue nyingine."

Mchezo wenyewe siupendi, kwa wizi na bunduki zilizojaa ndani yake, lakini hilo tuliliacha. Nilimwuliza fedha atazitoa wapi. Akainamisha kichwa. Zilikuwako fedha za maharage, tulizozitenga kwa ajili ya mdogo wake wa kike aliyechaguliwa kidato cha tano katika mkoa wa mbali: godoro, sare, nauli. "Nitazirudisha kabla hajaondoka," akasema.

Nilikasirika. Nikamwambia kompyuta ile haina ubovu wowote, ila yeye hana shukrani. Leo nakiri kwamba nilikuwa naitetea nafsi yangu. Mstaafu akisikia kitu chake kinaitwa kizee, huona ameitwa yeye.

Kumbe tulikuwa tumekosea sote wawili, na kosa lilianzia katika jina. Mtaani sanduku lote la kompyuta huitwa sipiyu, hali sipiyu hasa ni ile prosesa, kipande kidogo kinachoenea kiganjani. Ukiuita mwili mzima kwa jina la kiungo kimoja, kiungo kingine kikiugua utadhani mwili wote umekufa.

Siku ya pili nilikwenda kibandani, hasira zimepoa, akanieleza kazi zinavyogawanywa. Nilimwelewa kwa lugha ya darasani. Prosesa ni mwalimu asomaye imla: hukokotoa gari liko wapi, nani anakimbia, nani ameanguka. Kadi ya picha ni mwanafunzi aandikaye: hupokea yaliyosemwa na kuyachora nukta kwa nukta. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na ili mwendo uwe laini inafaa zichorwe upya kama mara 60 kwa sekunde. Mwanafunzi akiwa mzito, mwalimu humsubiri. Mwalimu akiwa mzito, mwanafunzi hodari hukaa akitafuna kalamu.

"Basi tutajuaje nani anamchelewesha mwenzake?" nikauliza.

"Tumpunguzie mwanafunzi ukurasa, baba mdogo."

Akashusha picha hadi 1280 kwa 720, yaani nukta 921,600, pungufu ya nusu. Mchezo ukatoka picha 9 kwa sekunde ukafika 17. Laiti mwalimu ndiye angekuwa mzito, ukurasa mdogo usingalisaidia kitu. Jaribio hilo halikutugharimu hata shilingi moja.

Tukatazama pia orodha ya vifaa vilivyopendekezwa na watengenezaji wa mchezo huo ulipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015. Prosesa ya Intel iliyotajwa ilikuwa i5-3470 yenyewe! Nilijiona kama mzazi aliyesikia jina la mwanawe likisomwa kwenye matokeo.

Likabaki swali la kadi. Tulipofungua sanduku tulikuta pawa saplai ndogo, isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi. Nafasi ya kadi kwenye ubao mkuu hutoa umeme usiozidi wati 75, basi ilitupasa kutafuta kadi ya kuishi kwa posho hiyo. Tukachagua GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ya mtumba, fupi ya kuenea sandukuni. Nusu ya bei nilitoa mimi, nusu akaitoa yeye kwa mapato ya kibanda. Fedha za maharage hazikuguswa, na binti akaondoka na godoro lake.

Je, kila kitu kilipona? La. Nje ya mji mchezo uliteleza kama maji, lakini katikati ya mji, penye magari na watu wengi, ulijikwaa. Tukapunguza ukurasa tena. Safari hii hakikubadilika kitu. Sasa aliyechoka alikuwa mwalimu, na hakuna kadi ambayo ingemsaidia. Kijana akapunguza umati wa watu na magari, akarudisha ukurasa mpana, maana mwanafunzi alikuwa na nguvu tele. "Mashine ina umri wake, baba mdogo," akasema. Safari hii sikukasirika.

Najua iko siku mpini nao utavunjika. Yatakuja magemu yanayodai mengi kuliko prosesa hii iwezavyo, na siku hiyo nitaitoa kwa mikono yangu mwenyewe, kadi tuihamishie kwenye mashine nyingine. Lakini kuvunjika kwa mpini huthibitishwa kwa kuujaribu, si kwa kuhesabu miaka yake. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbachao usitiwe kiraka.