Zimwi Hili ni la Nani?

Sinema za mazimwi zina umri wa kutosha kuitwa za kale. Nosferatu ya Mjerumani F. W. Murnau ilitoka mwaka wa 1922. Dracula na Frankenstein zilitoka Marekani mwaka mmoja, 1931. King Kong ilifuata mwaka wa 1933. Na lile dubwana la majini lenye magamba, Creature from the Black Lagoon, lilitokea mwaka wa 1954. Wengi wa waliozitengeneza wamekwisha kuaga dunia, na vitisho vyao, kwa mtu aliyezoea picha za siku hizi, ni kama vitisho vya wanasesere. Walakini picha hizi zina wapenzi wake, na wapenzi hao hawako Ulaya na Marekani tu. Wamo Endulen pia, katika Hifadhi ya Ngorongoro, nami ni mmoja wao.

Si ajabu ndogo kwamba mtu wa Endulen atafute kutishwa na picha. Hifadhi hii ilitengwa na Serengeti mwaka wa 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa mwituni waishi pamoja, na kuishi pamoja huko si maneno matupu. Fisi, chui, nyati na tembo hupita usiku katika njia zile zile tunazopita sisi mchana. Kwa sababu hiyo mgeni aliyekuja kutazama picha jioni hawezi kurudi kwake mpaka kupambazuke, na mazungumzo yetu huwa marefu kuliko picha yenyewe. Nadhani hakuna baraza la wapenzi wa sinema duniani lenye sababu nzuri kuliko hiyo ya kuzungumza mpaka alfajiri.

Tunatumia kompyuta ndogo, betri ya sola, na picha zilizonakiliwa Karatu au Arusha. Picha ni za Kiingereza. Mimi husimulia kwa Kiswahili, na kijana mmoja mchungaji huyageuza maneno yangu kuwa Kimaa kwa ajili ya bibi mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Koko. Dar es Salaam kazi hii ilikuwa na mabingwa wake, wasimulizi wa vibanda vya video, na Lufufu alivuma kupita wote; sisi tunaifanya bila ujira na bila ubingwa. Lakini kusimulia kuna faida moja kubwa: humlazimisha msimulizi kuchagua neno, na neno likichaguliwa vibaya wasikilizaji hawanyamazi.

Dracula haikumtisha mtu. Bela Lugosi ana macho makali na joho zuri, lakini picha hiyo haionyeshi meno marefu wala alama ya jeraha shingoni. Mambo yote ya kuogopesha hutendeka pembeni, mahali ambapo jicho halifiki. Isitoshe, jambo lenyewe lililokusudiwa kuogofya, yaani kunywa damu, kwa Wamasai ni chakula. Damu hutolewa shingoni mwa ng'ombe kwa mshale mfupi baada ya kufungwa kamba, ikakingwa katika kibuyu; kisha jeraha huzibwa, na ng'ombe hurudi malishoni. Yule kijana alipoona Lucy amekufa aliuliza, kwa dharau kabisa, ni mchungaji gani huyu anayetoa damu mpaka mnyama anakufa. Hukumu yake juu ya bwana mkubwa wa Transylvania ilikuwa kwamba hajui kazi. Nimesoma maelezo ya wataalamu kadha wa kadha juu ya Dracula, na sijaona yaliyonifurahisha kuliko hayo.

Frankenstein ilikuwa habari nyingine. Mara tu ilipoeleweka kwamba kiumbe kile kimeshonwa kwa viungo vya maiti, chumba kilinyamaza. Wazee wa Kimasai hawapendi hata kulitamka jina la marehemu. Basi fikiri, msomaji, uzito wa kumwona mtu akifukua makaburi na kuunganisha vipande! Hapo ndipo ugomvi wa neno ulipoanza. Nilikuwa nimekiita kiumbe kile zimwi. Mwalimu mmoja alipinga: zimwi la hadithi hula watu, na huyu hali mtu. Mwingine akapendekeza jitu, kwa ajili ya kimo chake na vile viatu vizito alivyovaa Boris Karloff. Kijana, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kumwambia Koko kwamba ni Enenauner.

Enenauner ni kitisho cha kale cha Wamasai, na A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake juu ya watu hao, kilichopigwa chapa mwaka wa 1905. Nusu yake ni mtu na nusu ni jiwe. Hukaa msituni, na huwaita wapita njia kwa sauti ya kibinadamu. Koko alimtazama Karloff kwa muda mrefu, kisha akakataa. Enenauner, alisema, huita watu ili awadhuru. Huyu anaita kwa sababu hana mtu. Akauliza ni wa ukoo gani. Nikamwambia hana ukoo, wala hana jina. Hata orodha ya wachezaji mwanzoni mwa picha inaweka alama ya kuuliza mahali pa jina la mchezaji wake. Akauliza aliyemfanya yuko wapi. Nikajibu kwamba amekimbia, anajitayarishia harusi.

Tangu swali hilo sikuweza tena kuitazama picha kama zamani. Watu hudhani Frankenstein ni jina la zimwi, kumbe ni jina la mtengenezaji. Na kosa hilo la watu wengi lina haki yake ndani yake. Kiumbe kinafungwa minyororo na kuteswa kwa mwenge wa moto na yule mtumishi Fritz kabla hakijamdhuru mtu yeyote. Kisha linakuja tukio la mtoto Maria kando ya ziwa. Mtoto anampa maua, wanayatupa majini yaelee. Maua yanapokwisha, kiumbe kinamtupa mtoto, kikidhani naye ataelea kama ua. Tukio hilo lilikatwa katika nakala nyingi kwa miaka mingi, nao waliolikata walidhani wanapunguza ukatili. Kwa kweli waliuongeza, maana bila kuona kosa lilivyotokea, mtazamaji hubaki na maiti ya mtoto na muuaji tu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu hakuwa na wa kumjua, ila mtoto yule kwa dakika chache.

King Kong tuliitazama kwa fikira hizo, na kwa fikira nyingine nzito zaidi. Tangu mwezi wa Juni 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika mpango ambao Serikali inasema ni wa hiari. Wengine wamebaki, na hoja juu ya mambo ya hifadhi na watu wake zimefika mahakamani. Sikusudii kuamua shauri hilo hapa. Nasema tu kwamba wawili wa baraza letu wako Msomera sasa, na kwamba mtu hatazami picha ya kiumbe kinachoondolewa kwao akiwa hana habari za nyumbani.

Kwa ufundi, Kong ni mwanasesere wa kimo cha nusu mita hivi, aliyesogezwa na Willis O'Brien na wenzake kidogo kidogo, picha baada ya picha; ukiyatazama manyoya yake utaona yanatikisika yenyewe, na hayo ni mapito ya vidole vya waliomshika. Kijana alipoelezwa hivyo aliheshimu kazi lakini hakubadili maoni. Kong, alisema, alikuwa na kisiwa chake; waliomfuata ndio waliovuka bahari. Mwalimu alimjibu vizuri. Kong ameua watu mjini, alisema, na simba akivunja boma na kuua ng'ombe hatuulizi ametoka wapi, tunachukua mikuki. Kijana akasema simba hakuletwa bomani kwa minyororo ili watu walipe kumwona. Wakaendelea hivyo, nami niliona kila mmoja ana kweli yake. Wote walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba yule bwana Denham, aliyemteka Kong, anadanganya mwishoni anaposema kilichomwua ni uzuri wa mwanamke.

Koko hakuingia katika ugomvi huo. Alikuwa ameshikwa na jambo ambalo sisi hatukuliona. Picha inamwonyesha Kong amelala ufukweni kwa dawa. Kisha, mara moja, yumo jukwaani New York. Safari haimo. Aliuliza alikula nini melini, na nani alimpa maji, na siku ngapi. Nilirudisha picha nyuma nikatafuta, akiangalia pamoja nami. Hapakuwa na kitu.

Kijana alipiga simu Msomera kesho yake kuwasimulia wale wawili. Nao wameomba wapelekewe nakala.