Mwana Shaba, gazeti lililotufundisha kusoma Shituru

Ukiuliza watu wazima wa hapa Shituru kitabu gani walisoma wakiwa watoto, wengi hawatakutajia kitabu. Watakutajia Mwana Shaba. Mimi pia ni mmoja wao.

Mwana Shaba lilikuwa gazeti la wafanyakazi. Lilianza mwaka wa 1957, wakati wa Union Minière, likaendelea hata serikali ilipochukua kampani, ile ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la Gécamines. Sisi watoto tulikuwa na letu, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi na michoro. Jina hilo tuliliona ni letu kabisa, maana ni shaba ya hapa Shituru iliyokuwa inatulisha na kutulipia masomo.

Baba yangu hakusoma sana. Gazeti likifika, anakaa nje jioni na kuniita: « Soma kwa sauti, mwanangu, na mimi nisikie. » Nasoma kwa Kifaransa, kisha namweleza kwa Kiswahili. Yeye anafuata mstari kwa kidole. Nikiruka neno gumu, kidole kinasimama palepale. « Hili umeliacha njiani. » Basi narudi. Wadogo zangu wanasogea, watoto wa jirani nao wanakuja, na mama jikoni anauliza: « Kisha ikakuwa namna gani? »

Hivyo nilijua mapema kwamba anayesoma anasomea na wengine. Mpaka leo nikiwaandikia habari za kartie yetu, nafikiria mtu mmoja aliyekaa nje, anayesubiri nimweleze vizuri bila kuruka neno.

Mji wetu umezaa wasomaji wakubwa. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa hapa Likasi mwaka wa 1941, wakati mji ulikuwa unaitwa Jadotville. Aliandika riwaya Entre les eaux mwaka wa 1973, akafundisha miaka mingi Marekani, akafariki mwaka wa 2025. Maktaba yake mwenyewe aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alienda mbali sana, lakini vitabu vyake vimerudi Katanga.

Na watoto wa Shituru ya leo? Kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliacha kazi Gécamines kwa mpango ulioitwa « départ volontaire ». Mishahara ilipokatika, vitu vingi vilikatika nyumbani, na karatasi ya kusoma ilikuwa ya kwanza kusahauliwa. Leo naingia nyumba nyingi ambamo kuna telefone tatu, Biblia moja na kaye za shule, basi. Mtoto anasoma kwa ajili ya egzame; egzame ikiisha, kusoma nako kumeisha.

Kwa hiyo nawaomba, wazazi na wakubwa wa kartie: mwenye Mwana Shaba za zamani, hata zilizochanika, asiziuze kwa wafunga karanga. Tuzitoe. Kila siku ya posho, baada ya kazi za nyumbani, nyumba moja kwa kila avenue iweke kiti nje na mtoto mmoja asome kwa sauti. Hata asiyejua kusoma anaweza kusaidia: afuate mstari kwa kidole, na neno likirukwa, asimame hapo.